Mashine Iliyougua Mlima Kabla ya Kuufikia

Vijana wangu mnaoshika spana,

Nimestaafu kwa hiari, na nasema kwa hiari kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Ukweli ni kwamba mgongo wangu ulistaafu kwanza bila kuniarifu, nami nikaona aibu kubaki kazini peke yangu. Tangu wakati huo mnapita hapa kwangu Ipuli, mnakunywa chai yangu, kisha mnauliza swali lile lile: "Mama Fundi, hivi pikipiki ya miguu minne ikipanda milimani, kabureta inafanywaje?" Nawaelewa. Mmekulia kwenye injini zinazopima hewa zenyewe na kujirekebisha zenyewe. Mkikutana na kabureta mnaitazama kama mgeni aliyekuja msibani na hakuna anayejua ni ndugu wa upande gani.

Kanuni yenyewe ni fupi. Injini hula hewa na petroli kwa pamoja, kama ugali unavyotaka unga na maji. Kadiri unavyopanda juu, hewa inazidi kuwa nyepesi. Kila pumzi ya injini inaleta unga pungufu, na maji yanaendelea kumiminwa kwa kipimo cha nyumbani. Ugali unageuka uji. Mashine inakohoa, inatoa moshi mweusi, inakunywa petroli kwa pupa na bado haina nguvu. Hapo unafungua bakuli la kabureta, unatoa ile jeti kuu, kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, na kuweka yenye tundu dogo zaidi. Ikibidi, unateremsha kijino kimoja ile sindano inayobana njia ya petroli. Ukirudi bondeni, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Usiporudisha, hewa itaizidi petroli, injini itachemka, na siku moja utaniletea pistoni yenye dirisha.

Hayo yako vitabuni. Nitakayowaeleza mimi hayamo, kwa sababu waandishi wa vitabu vile hawakuwahi kusafiri na mfugaji nyuki.

Nilipotoka chuoni na stashahada yangu ya ufundi mitambo, nilipokelewa katika gereji moja ya mjini Tabora na marehemu Fundi Nassoro, mtu wa kofia safi na mikono michafu. Aliifurahia stashahada ile kuliko mama yangu mzazi. Aliitundika ukutani, mahali ambapo mteja mwenye kutaka kubishana angeiona kabla hajafungua kinywa. Fundi Nassoro alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wengi. Kabla ya kugusa chochote, alisema, "Zima. Nyamaza." Mashine ikazimwa, watu wakanyamaza, naye akasimama pale ameinamisha kichwa kama anayesubiri simu kutoka mbali. Alimnyamazisha kila mtu: wakulima wa tumbaku, makarani, wake za watu. Siku moja alimnyamazisha kiongozi aliyekuwa katikati ya kutueleza maendeleo ya wilaya. Nikamuuliza anasikiliza nini katika injini iliyozimwa. Akasema, "Nasikiliza ambacho injini ilikuwa inakificha kwa kelele zake." Niliona ni maneno ya mzee anayetaka kupumzika kidogo kazini. Yahifadhini, tutayahitaji mbele ya safari.

Kesi yangu ya kwanza ya mwinuko ilikuwa ya padri mmoja aliyeletewa pikipiki ya miguu minne kutoka pwani. Ilikuwa imerekebishwa kwa hewa ya baharini, nzito na nene. Tabora, kama mnavyojua, ni tambarare, lakini ni tambarare iliyoinuliwa juu, na mashine ile ilipofika huku ikaanza kutoa moshi mweusi tii. Padri akipita vijijini, waumini walisimama kando ya njia wakimpungia: "Baba, makardinali bado hawajatupatia Papa?" Alivumilia kwa muda, kisha akaniletea. Nilibadilisha jeti, nikasafisha plagi, moshi ukakoma kabisa. Baada ya hapo waumini wakalalamika kwamba siku hizi hata habari hawapewi.

Sasa nije kwenye safari yenyewe.

Katika karakana niliyomalizia kazi, iliyokuwa ya kikundi cha wafugaji nyuki, nilikuwa na mwenzangu aitwaye Deogratias. Sote tulimwita Deo. Ni mzaliwa wa Ulyankulu, Mkatoliki anayesali hata akifunga nati, fundi mzuri, na wakati ule alikuwa amefika umri ambao shangazi huacha kuuliza "lini?" na kuanza kuuliza "kwa nini?" Deo alikuwa amempenda Yuditha, binti wa milima ya Kasulu, aliyekutana naye Urambo kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yao.

Alikwenda mara ya kwanza kujitambulisha kwa baba wa binti, Mzee Bukuru, na akakosea kosa ambalo mtu wa Tabora pekee ndiye angeweza kulikosea: alibeba asali. Sisi hatujui kwenda ugenini bila asali. Tukienda kuomba radhi tunabeba asali, na tukienda kudai haki tunabeba asali. Deo akabeba ndoo ya asali safi ya miombo, akaiweka miguuni mwa Mzee Bukuru kwa mikono miwili. Hakujua kwamba Mzee Bukuru naye alikuwa mfugaji nyuki, kwamba mizinga yake yote ilikuwa imehamwa na nyuki, na kwamba majirani walikuwa wamemtania kwa jambo hilo hadi amechoka.

Mzee aliitazama ndoo, akamtazama Deo. "Umekuja kunionyesha kwamba kwenu wapo?"

Deo alirudi Tabora na ndoo yake.

Ilimchukua Yuditha machozi na maneno mengi kumlainisha baba yake. Hatimaye akapiga simu, nami nilikuwapo karakanani, kwa hiyo nililisikia kila neno, maana Deo husikiliza simu kwa spika kama taarifa ya habari. "Baba amekubali kuwasikiliza mara moja tu. Jumamosi, kabla ya mchana. Mje na mshenga anayejua kusema, maana wewe ukisema unaharibu. Na Deo, nakuomba, usilete asali. Hata tone. Msipofika, kuna mwalimu wa sekondari ambaye baba amemwambia aje Jumapili."

Mshenga alipatikana bila kutafutwa. Mzee Maganga, rafiki wa baba yake Deo na mwenye mizinga mingi katika misitu ya Sikonge, ni mtu anayeweza kuzungumza hadi chai ipoe, ipashwe moto, na ipoe tena. Alipoombwa alikubali kabla sentensi haijaisha, akaanza siku ile ile kuitunga hotuba. Jambo moja tu lilimuuma: kusafiri bila asali. Alijiona kama askofu aliyeambiwa aache fimbo nyumbani.

Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kijiji kile, magari hayapandi, na pikipiki ya kawaida isingebeba watu watatu pamoja na mablanketi, vitenge, na koti la baba mkwe. Kikundi kikatuazima pikipiki ya miguu minne na tela lake. Mimi nilikwenda kwa sababu mashine ile ilikuwa chini ya mkono wangu, na pia, sitawaficha, kwa sababu nilitaka kumwona huyo Yuditha.

Nikiikagua kabla ya safari niliona mpira wa kifuniko cha kisanduku cha hewa umepasuka. Kisanduku hicho hukaa chini ya kiti, kina mdomo mmoja wa kuvutia hewa, na ndani yake ndimo linamokaa chujio. Maji yakipita pale, safari imekwisha. Mpira mpya haukupatikana mjini kote.

"Wasumbukia nini, binti yangu?" akasema Mzee Maganga. "Nta ipo."

Akayeyusha nta pamoja na gundi ya nyuki, ile nyeusi wanayozibia nyufa za mzinga, akaipaka kuzunguka kifuniko chote. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi hiyo, ikaendelea yenyewe: akapaka na pembeni, akapaka na mdomoni pa kuvutia hewa, akalainisha kwa kidole gumba, akarudi nyuma kutazama. Kazi ilikuwa safi. Nilimshukuru kwa dhati.

Lori la tumbaku lilitubeba sisi na mashine hadi Kaliua, likatushusha hapo kwa sababu ndipo lilipokuwa linaishia. Mvua ikatuzuia. Tuliiegesha mashine chini ya mti uliokuwa umechanua maua, tukashinda katika mgahawa tukisikiliza hotuba ya Mzee Maganga, ambayo wakati huo ilikuwa imefika kwenye babu wa babu yake Deo.

Kesho yake asubuhi tukafunga tela. Deo alikaa usukani, mimi nyuma yake, na Mzee Maganga akapanda kwenye tela, akaketi juu ya kiti cha plastiki tulichokifunga kwa kamba, suti mwilini, mwavuli wazi. Deo akawasha. Mashine ikakohoa, ikatoa wingu jeusi, ikatembea kama ng'ombe anayepelekwa kwenye josho.

"Mama Fundi," akasema Deo, "ni mwinuko."

"Mwinuko gani?"

"Nimesoma usiku kucha kwenye simu. Moshi mweusi, kukohoa, kukosa nguvu. Dalili zote. Ni mlima."

"Deo, hapa ni Kaliua. Mpira ukiuweka chini hauviringiki. Mlima wenyewe uko kesho."

"Labda imeanza kuuhisi."

Watu walikuwa wamekwisha kusanyika, kama ilivyo desturi mashine ikiharibika. Mkulima mmoja akasema tumeuziwa petroli ya kichochoroni. Mwingine alimtazama Deo, akayatazama mablanketi na suti ya mshenga, akasema, "Hiyo haina ugonjwa. Hiyo inaogopa ndoa."

Nikatoa plagi. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, na plagi nyeusi husema moja kati ya mawili: petroli imezidi, au hewa imepungua. Nikataka kufungua kisanduku cha hewa. Mzee Maganga alishuka kwenye kiti chake kama aliyeona mtoto akichezea moto.

"Ukivunja muhuri huo, binti yangu, utaziba na nini? Nta yote nimeiacha nyumbani kwa amri ya huyo mkwe. Na tazama mawingu."

Mawingu yalikuwa pale kweli. Chujio nilikuwa nimelisafisha kwa mikono yangu. Nikamwachia Deo abadilishe jeti kama alivyotaka, angalau mikono yake ipate kazi. Akaweka ndogo. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri: mashine ikapata nafuu. Si nafuu ya kuringia, lakini ikavuta. Dawa ilikuwa imetibu ugonjwa usiokuwapo, na mgonjwa akasema ahsante. Deo aliizunguka mashine ile kama mtu aliyeigundua. "Mnaona? Ni mwinuko." Watu wa Kaliua wakampigia makofi. Yule wa ndoa peke yake ndiye hakupiga.

Njia ile ni ile ile ya misafara ya zamani, walikopita wapagazi wakielekea ziwani na mizigo mabegani, na naamini hawakuwahi kupita hapo watu wa ajabu kama sisi. Kila kijiji Mzee Maganga alinyanyua kofia. Watoto walimwamkia, "Shikamoo!" naye akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu," kwa sauti ya mtu anayegombea kiti. Nyuma yake moshi ulikuwa ukirudi, mwanzo mwembamba, kisha mnene, hadi mwavuli wake ukabadilika rangi.

Jambo moja likawa linanisumbua. Kuelekea mto Malagarasi ardhi inateremka. Kama ugonjwa ungekuwa mlima, bondeni mashine ingepona, na kwa jeti ile ndogo ingelalamika kwa njaa ya petroli. Lakini kadiri tulivyoshuka, ndivyo ilivyozidi kusongwa. Tulipofika mtoni ilikuwa inatembea kwa huruma tu. Ilikuwa Ijumaa, na milima ya Kasulu bado ilikuwa mbele yetu.

Deo akashuka, akaketi kwenye jiwe. "Mwalimu atamwoa," akasema. "Atafika na viatu vyeusi na kalamu mfukoni, atamwoa."

Nami nikamkumbuka Fundi Nassoro.

"Deo, zima. Na wote tunyamaze."

Akazima. Tukanyamaza. Mashine ikaendelea kunguruma.

"Nimesema zima."

"Nimezima, Mama."

"Mbona inanguruma?"

Deo alichomoa ufunguo, akauinua juu tuuone sote. "Ufunguo huu hapa."

Mngurumo ukaendelea, wa chini, wa taratibu, usio na haraka yoyote. Deo akafanya ishara ya msalaba. Mzee Maganga alishuka kwenye tela, akafunga mwavuli, akainama, akaweka sikio kwenye kiti. Nikaona uso wake ukifunguka polepole, kama wa mzazi anayesikia jina la mwanawe likitajwa kwenye mahafali.

"Hao ni wangu," akanong'ona.

"Nani?"

"Nyuki. Wamejaa. Na mama yao yumo, sikiliza sauti ilivyotulia."

Sikuamini kwa muda mfupi, kisha nikaamini kila kitu kwa pamoja. "Mzee," nikasema, "ukitaka nyuki waingie katika mzinga mpya, unaupaka nini?"

"Nta na gundi, binti yangu. Unapaka ndani, unapaka pembeni, halafu mlangoni unapaka zaidi ili..."

Akaishia hapo. Ni mara pekee katika maisha yake niliyomwona akikatiza sentensi kwa hiari.

Ndivyo ilivyokuwa. Tuliuandaa mzinga, tukauweka chini ya mti wenye maua, tukaenda kunywa chai. Kundi likahamia. Injini ilipovuta pumzi, ilivuta na wenyeji, wakajibandika kwenye chujio, na hewa ikapungua. Jeti ndogo ya Deo ilileta nafuu kwa sababu hewa ikipungua, petroli nayo ikipungua, uji unakuwa ugali tena kwa muda. Injini haijui kama hewa imepunguzwa na mlima au na nyuki. Inajua imepungua tu.

Ilibidi kisanduku kifunguliwe kutoka kwenye kabureta. Mzee Maganga akaomba kiberiti atengeneze moshi wa kuwatuliza.

"Mzee, hapa pana petroli. Ukiwasha moto, tutafika Kasulu bila kupitia barabarani."

"Basi nitafanya bila moshi. Nyuki wananijua."

"Wanaokujua ni wa Sikonge," akasema Deo. "Hawa ni wa Kaliua."

Mzee alimpuuza. Nikafunga koki ya mafuta, nikalegeza vibano, naye akakiinua kisanduku kizima kifuani, akakisemesha kwa Kinyamwezi kwa upole, midomo karibu kabisa na tundu. Mmoja akatoka. Mmoja tu, kisha rafiki yake.

Vijana, nimeona tairi likijazwa upepo kupita kiasi, lakini sijaona kitu kikivimba kwa kasi ile. Mdomo wa juu ulitangulia, wa chini ukaufuata, na dakika ile ile tukafahamu sote watatu kwamba hatuna tena mshenga.

"Mzee, sema neno," Deo akamsihi.

"Mbu," akasema Mzee Maganga.

Deo alitaka kisanduku kitupwe mtoni. Na hoja yake ilikuwa nzito: kama ndoo moja ya asali ilichukuliwa kuwa kejeli, kundi zima la nyuki lingeitwaje? Mzee Maganga alikikumbatia kisanduku, akatikisa kichwa, akachukua kijiti, akaandika kwenye tope kwa herufi kubwa: HAPANA. Kwa mfugaji wa kwetu, nyuki waliohamia wenyewe hawafukuzwi. Unaweza kumfukuza mgeni uliyemwalika, si hao. Nikakubaliana naye, ingawa kwa sababu ya kifundi: kuwatoa mmoja mmoja kungetufikisha Jumapili pamoja na mwalimu.

Tulisubiri hadi jioni walio nje wakarudi ndani, tukaziba mdomo wa kisanduku kwa kipande cha chandarua, tukalala katika nyumba ya wageni jirani na daraja. Asubuhi nikabaki na swali langu: mashine itapumuaje bila kisanduku? Nilinunua chujio la chai kwa mama mwenye nyumba, nikalibana kwenye mdomo wa kabureta, kisha nikamwambia Deo avue soksi. Zilikuwa nyeupe, mpya, zilizonunuliwa kwa ajili ya siku ile. Moja ilitosha. Nikaipaka oili kidogo, nikaivika juu ya chujio la chai, nikafunga kwa waya.

Ikabaki jeti. Mkiondoa kisanduku, hewa huingia kwa wingi, kwa hiyo injini hutaka jeti kubwa zaidi. Mkipanda mlima, hewa huwa nyepesi, kwa hiyo hutaka jeti ndogo zaidi. Niliwaza hivi: waache wavutane. Nikarudisha jeti ile ile tuliyotoka nayo Tabora, nikainua sindano kijino kimoja kwa ajili ya bondeni, nikapanga kuishusha tukianza kupanda. Deo akawasha. Mashine ikaimba. Ilipanda milima ya Kasulu bila kukohoa, kwenye tope, na tela, na mshenga aliyepakata kisanduku chenye mngurumo kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Katikati ya mlima nilichomoa plagi: rangi ya kahawia safi. Nilitamani Fundi Nassoro aione.

Tulifika kabla ya mchana. Mzee Bukuru alikuwa ameketi ukumbini katikati ya ndugu zake, na mlango wa ndani ulikuwa umeachwa wazi kidogo, kwa hiyo nilijua Yuditha yuko wapi.

Tuliamkia, tukakaribishwa viti. "Mshenga wenu ni yupi?" akauliza.

Tukamwonyesha. Mdomo wake ulikuwa umefika ukumbini kabla yake.

"Mbona hasemi?"

Deo hakuruhusiwa kusema. Wakanitazama mimi. "Ameumwa na zawadi yenu, Mzee," nikasema.

"Zawadi gani? Asali nilikataa."

"Si asali, baba. Ni wanaoitengeneza. Hatukuwaita. Walipanda wenyewe Kaliua, nasi tumeshindwa kuwashusha."

Deo alikuwa anatazama mlango wa nje, nadhani anapima umbali. Mzee Bukuru akasimama, akaja, akainama mbele ya Mzee Maganga, akaweka sikio lake kwenye kisanduku. Alisikiliza kwa muda mrefu. Wale wazee wawili walikuwa wametazamana macho kwa macho, mmoja hawezi kusema na mwingine hataki.

"Hiki ni kisanduku cha nini?" akauliza bila kuinuka.

"Ni cha hewa ya injini, Mzee."

"Na ninyi mmekuja kwa hewa gani?"

"Kwa soksi."

Deo, kwa utii, akapandisha suruali, akaonyesha kifundo cha mguu kilicho wazi. Aliyecheka kwanza alikuwa nyuma ya mlango. Kisha akacheka shangazi mmoja, kisha ukumbi mzima, na mwisho kabisa Mzee Bukuru mwenyewe, hadi akashika ukuta.

"Mtu wa kunikejeli," akasema akijifuta macho, "angepakata nyuki hai kutoka Malagarasi? Huyo si mkejeli, huyo ni mwendawazimu. Na mwendawazimu wa aina hii hatamwacha binti yangu njiani. Leteni mablanketi hayo. Na hicho kisanduku nipe mimi, taratibu."

Mwalimu alipigiwa simu asijisumbue.

Kisanduku kilitundikwa kwenye mti nyuma ya nyumba, na hakikurudi Tabora kamwe. Mashine ile ilipumua kwa soksi hadi nyumbani, kisha nikaitengenezea kisanduku kingine kutokana na galoni la mafuta ya kula. Kwa hiyo mnapouliza kabureta inafanywaje milimani, jibu langu ni hili: jifunzeni jeti, jifunzeni sindano, zisomeni plagi. Lakini kabla ya kuulaumu mlima, angalieni kama mmeshaufikia, na mfungue chujio la hewa hata kama mzee mwenye suti anakataa. Hata injini zenu za kisasa zinazojipima hewa zitawaambia kwamba hewa imepungua. Nani ameipunguza, mtajua mkizima na kunyamaza.

Nimalizie na hotuba, maana haikupotea. Mdomo wa Mzee Maganga uliponywea tulikuwa bado wageni pale, mahari imekwisha kukubaliwa, na Yuditha anatutengea chai akimwita Deo "mzee wa soksi". Mzee Maganga alisema kazi aliyotumwa hajaimaliza. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza:

"Ndugu zangu, sisi tunatoka Tabora, nchi ya asali. Popote duniani penye nyuki wenye akili, asili yao ni kwetu. Hao mnaowaona kwingine ni wale walioshindwa maisha Tabora. Na mkisikia nyuki wamemhama mtu, mjue wamekumbuka nyumbani..."

Deo alifumba macho. Mimi niliitazama chai yangu. Mzee Bukuru alisikiliza hadi mwisho, pamoja na babu wa babu, bila kumkatiza.

"Mshenga," akasema hatimaye, "hii ndiyo uliyokuwa umeiandaa kwa Jumamosi?"

"Neno kwa neno," akasema Mzee Maganga kwa fahari.

Mzee Bukuru akageuka, akamwonyesha kwa kidole mti ulio nyuma ya nyumba. "Basi nenda ukawashukuru."

Mzee Maganga alifikiri kidogo, akaelewa. Akaweka kikombe chini, akatoka, akaenda hadi kwenye mti ule. Alisimama mbali kiasi, akainamisha kichwa kwa heshima, na muda wote huo mkono wake mmoja ulikuwa umefunika mdomo.